Herufi Iliyomwita Maduhu

“Herufi haina mikono,” Agustina alisema. “Haimshiki mtu ikamtumbukiza shimoni.”

“Haikumshika. Ilimwita,” Mboje akajibu. “Na mtu mwenye njaa akiitwa haulizi.”

Walikuwa wamefika hapo tena, kama ng'ombe anayezunguka nguzo aliyofungiwa, na asubuhi yote ilikuwa imeliwa na maneno hayo hayo, uani kwa mzee Ryoba, huku Nyansurura. Mboje alipewa kigoda, lakini alikalia ncha tu, kama mtu aliyekaribishwa juu ya chungu cha moto. Nyuma yake walisimama wachimbaji wenzake, Wasukuma tupu, wanaume wa kubeba mawe, kila mmoja na sululu begani. Hawakuwa wametoka kazini wala hawakuwa wanaenda kazini. Walizileta sululu kama vile mwingine anavyokuja na fimbo kwenye maongezi ya amani, yaani isije amani ikakosekana.

Upande wa ghala walikaa wazee wa jirani waliokuja kumsindikiza Ryoba. Na katikati, chini, karibu na moto ambao Teresia, mke wa Ryoba, alikuwa akichemshia maji, zilikuwa zimelazwa herufi zote za Agustina. Alikuwa amezikata kutoka kwenye madumu ya mafuta ya kula, kubwa kama sinia, nene, za mviringo, hazina pembe hata moja. Zilitandazwa pale juani, moja pembeni ya nyingine, kama nyama ya mgawo. Kuku mmoja alikuwa ameshaingia katikati ya O na kujikunja humo, akidhani ameandaliwa kiota.

Dai la Mboje halikuwa refu. Mdogo wake, Maduhu, alikuwa amelala hospitalini na mguu uliovunjika ukavimba kama boga, na madaktari walisema siku hiyo hiyo wataamua kama mguu ubaki au ukatwe. Mboje hakutaka kungoja uamuzi wa daktari. Alitaka herufi zile ziingie motoni sasa hivi, zote, mbele ya macho yake, na Agustina aape kwamba hataandika tena popote, si ukutani, si ubaoni, si kwenye mlango wa choo. Na mzee Ryoba, baba mkwe wa Agustina mwenyewe, alikuwa amekwisha kusema zichomwe, yaishe.

Agustina alisimama kwenye mlango wa jiko, bega limeegemea mwimo, uso ameuelekeza pembeni ili asikutane na macho ya mkwe. Mikono yake ilikuwa na rangi ya bluu mpaka kwenye viwiko. Mikono ile haikuwahi kutakata tangu aanze kazi. Wapo wanaosema hata mtoto wake, Sarah, alizaliwa na doa la bluu kisogoni, lakini hao ni watu wa kuongeza chumvi, doa lilikuwa la kijani.

Hakuzaliwa na herufi mkononi. Alizaliwa Issenye, nyumba ya udongo, na shule aliiacha akiwa amejua kusoma kidogo na kuhesabu mbuzi sana, kwa sababu mbuzi ndio walioishinda shule. Akaolewa Nyansurura na Daudi, mtoto wa Ryoba, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye siku hiyo ya ugomvi alikuwa mnadani, kama ilivyo desturi ya waume siku wanapohitajika nyumbani.

Mke mgeni kule hupewa ukuta wa mama mkwe aupake. Si kazi ya kuonewa, ni mtihani. Agustina alichanganya udongo mwekundu na kinyesi cha ng'ombe, akaukandika ukuta mpaka ukawa laini kama shavu, kisha akachota majivu yaliyolowa, akaunganisha vidole vitatu na kuvivuta juu ya ukuta mbichi. Mstari wa vidole hauna pembe. Unaanza mviringo, unaishia mviringo, na katikati umejaa, kama mkono wa mtoto anayenyonya vizuri. Akavuta mmoja, akavuta mwingine, ukuta mzima ukacheka. Teresia hakusifu, maana mama mkwe anayesifu mapema huaibika baadaye. Ila siku ya pili alihamisha kigoda chake, akakiweka mahali pa kuutazama ukuta ule, na hajakitoa mpaka leo.

Herufi yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya ndizi za Specioza. Huyu ni Mhaya aliyefuata wachimbaji wa dhahabu na masufuria yake, akajenga banda kule machimboni. Mabanda yalikuwa mengi na kila moja lilikuwa limechorwa maneno ya chaki, membamba kama miguu ya mbu, hayaonekani mpaka uwe umeshaingia kwa jirani. Specioza akaja kwa Agustina, akamwambia anataka mtu aliye juu ya kilima, mwenye vumbi machoni, ajue kuwa hapa kuna chakula. Brashi haikuwepo. Agustina akafunga vidole vitatu kwa kitambaa, akachovya kwenye rangi, akaandika mlangoni CHAKULA KIPO kama alivyopaka ukuta wa mama mkwe. Herufi zikatoka zimeshiba kabla ya wateja.

Watu walikuja mpaka ndizi zikaisha, zikaletwa nyingine, nazo zikaisha. Inasimuliwa kwamba mchimbaji mmoja aliivuka Mara kwa miguu, mto umejaa, viboko wamempisha, akifuata tu ile C. Na twiga wa hifadhini alionekana amesimama mpakani shingo mbele, asubuhi baada ya asubuhi, anasoma. Askari wa hifadhi walimfukuza, akarudi na mkewe.

Wachimbaji ndio walioipa jina. Waliiita Mnono.

Kuanzia hapo Agustina hakulala vizuri, kwa sababu herufi nono ina taabu zake kama mwili mnono. Vidole peke yake havikutosha. Kila mara herufi ilitoka na sura nyingine. Ndipo akaanza kukata madumu yawe violezo. Mviringo aliupima kwa mifuniko ya sufuria, mkubwa kwa O, mdogo kwa tumbo la B. Akagundua kwamba ukinenepesha A, tundu lake la katikati linazibika, na A isiyo na tundu haipumui, inakuwa jiwe tu. Akalipanua. Akagundua kwamba O ikiwa na kimo sawa na H, jicho linaiona imedumaa, kwa hiyo akaiacha itokeze kidogo juu na chini, na jicho likatulia. Mahali miguu ya K inapokutana palijaa weusi kama kidonda, akapamega. M ilimliza. M ina miguu mingi, na kwa Waswahili huwezi kuikwepa, ndiyo inayobeba Mama, Mungu, Mchele na Mnada. Ukiinenepesha inajaa mlangoni. Aliikata, akaitupa, akaikata, mpaka mbuzi wakaanza kuzitafuna zile zilizoharibika, na maziwa ya wiki ile yalitoka na harufu ya dumu. Q na X hakuzitengeneza kabisa, na hakuna mtu aliyewahi kuja kuzililia.

Mnono ikatembea. Ikaingia saluni, ikakaa kwenye banda la chipsi, kwa kinyozi, kwenye vizuia matope vya bodaboda. Ikafika Tarime mjini, pale Bomani, ambako Winfrida, binti mwenye duka la kuchapa, aliipiga picha herufi moja moja, akaiingiza kwenye kompyuta, na sasa inatoka kwenye mashine imelala juu ya turubai la bango kama mgeni kwenye godoro. Harusi, gulio, supu ya kongoro, soda baridi. Popote penye kula, kukaa na kucheka, Mnono ilikuwa imetangulia. Na waliokosa shule, ambao huku si wachache, wakaijua bila kuisoma. Mtu haulizi imeandika nini. Anaiona kwa mbali tumbo mbele, mate yanamjaa mdomoni, anaelekea huko.

Hapo ndipo ubaya ulipojificha, na hakuna aliyeuona, hata Agustina aliyeizaa.

Kwenye shamba la Ryoba kulikuwa na shimo lililochimbwa na watafuta dhahabu wa zamani wakakata tamaa, wakaondoka, wakaliacha wazi. Nyasi zililifunika mdomo. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia Ryoba aweke bango kabla mtu hajaumia, na Ryoba akamwambia ndama.

Hili la ndama lazima lielezwe, kwa mtu asiyejua mambo ya mkwe. Katika nyumba ile, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawakalii kigoda kimoja, na mke hawezi kumbishia mzee hata kama mzee amesema jua linachomoza kutoka chunguni. Ryoba aliishika heshima hiyo kuliko wote. Tangu Agustina aolewe hakuwahi kumwambia neno. Akitaka jambo, alikwenda kwenye nguzo iliyo nyuma ya jiko, ambako hufungwa ndama anayeachishwa kunyonya, akaongea na ndama kwa sauti. Ndama, leo maji ya kuoga yamechelewa. Ndama, hii mboga ya juzi ilikuwa na chumvi ya kuua nyoka. Agustina, ndani ya jiko, anasikia na kutenda. Ndama walikua, wakauzwa, wakafungwa wengine, na wote waliondoka katika nyumba ile na habari nyingi kuliko mwenyekiti.

Siku ya bango, Agustina alikuwa ameshachora kwa mkaa herufi nyingine kabisa ubaoni. Nyembamba, kali, zenye ncha kama mikuki iliyochomekwa, mbaya kwa makusudi, herufi za kumwambia mtu rudi ulikotoka. Ryoba akapita, akaziona, akaenda kwenye nguzo.

“Ndama,” alisema, “bango la shimo liandikwe kwa ile herufi nono. Ndiyo watu wanayoiangalia. Hii miiba nani ataitazama?”

Agustina akaifuta mikuki yake. Alifuta kwa sababu ya heshima, na tusifichane, alifuta pia kwa sababu Mnono ilikuwa tamu mkononi na ile mikuki aliionea haya. Akaandika HATARI SHIMO, nyeusi juu ya nyeupe, mviringo, zimenawiri, kama vile anamkaribisha mtu kwenye pilau. Bango likasimikwa ng'ambo ya shimo, likitazama njia.

Maduhu alikuwa mgeni, ametoka Bariadi kumfuata kaka yake. Shule hakuingia. Jioni ile alikuwa anarudi kutoka kuchimba, tangu asubuhi hajatia kitu tumboni, na njia ilikuwa ndefu. Akainua macho, akaiona Mnono imesimama juu ya nyasi. Akaiacha njia. Waliomtoa shimoni kwa kamba wanasema alikuwa bado anauliza kama samaki wamebaki.

Kwa hiyo sasa walikuwa uani, na moto ulikuwa unawaka.

Mzee Ryoba aliinuka. Alikuwa mtu mrefu, na akiinuka huwa anaendelea kuinuka hata baada ya wengine kudhani amemaliza. Akasema kwamba yeye ni mwenye shamba, sawa, lakini mwandishi siye. Akasema shimo hakulichimba na herufi hakuichora. Kisha akawageukia wazee wa ghalani, akasema kwa utaratibu, kila neno mahali pake:

“Mimi sijawahi kumwambia mke wa mwanangu neno hata moja. Ninyi nyote ni mashahidi.”

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli kabisa, na ndiyo maana ilimfunga Agustina pande zote. Angesema mzee uliniagiza, angekuwa amemwita baba mkwe mwongo mbele ya wageni wenye sululu, na baada ya hapo asingekuwa na mlango wa kurudi katika nyumba ile, wala Daudi asingekuwa na uso wa kumtetea. Angenyamaza, herufi zingeungua. Alimtazama Teresia. Teresia alikuwa anachochea moto uliokuwa hauhitaji kuchochewa.

Akaokota kipande cha mkaa.

Akaenda kwenye ukuta wa jiko. Wachimbaji wakageuza shingo zote pamoja. Akaandika HATARI kwa vidole na mkaa, Mnono, kubwa. Kisha pembeni, neno hilo hilo, lakini kwa ile mikuki aliyoifuta siku ile. Mkaa ulikwaruza ukuta mpaka meno ya watu yakauma. Rangi moja, ukuta mmoja, kimo kimoja.

“Kaka yangu Mboje,” alisema, na hakugeuka, “hujui kusoma na mimi sikucheki. Umetoka kazini, njaa inakuuma. Unaelekea wapi?”

Mboje alitazama. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, lakini jicho halina habari na hasira. Mkono wake ukanyooka wenyewe kwenye ile nono. Mmoja wa wenzake, dume la mtu lenye shingo kama kinu, alikuwa amerudi hatua nyuma, mbali na ile mikuki, bila kujijua. Wengine walimwona, wakatazamana, na mmoja akacheka puani kisha akajuta.

“Basi umeshinda,” Agustina alisema. “Ilimwita. Nilikuwa nabisha, sasa sibishi.”

Hata Ryoba hakutegemea kuisikia hiyo. Agustina akaendelea, sauti imeshuka, kwamba herufi hii ameiandika kwa Specioza, kwa kinyozi, kwenye harusi za watu, na watu wakaifuata wakashiba, wakanyolewa, wakaolewa, hakuna aliyevunjika hata ukucha. Inaita, hiyo ndiyo kazi aliyoifundisha. Kosa ni kuipeleka mahali pa kufukuza.

“Na nani aliipeleka?” Mboje akauliza.

Swali hilo lilikuwa limezunguka ua ule tangu asubuhi likitafuta mahali pa kukaa.

“Teresia,” mzee Ryoba alisema haraka, “mwambie atie hivyo vitu motoni, watu wana kazi.”

Teresia hakujisogeza. Mboje, alipoona hakuna anayejisogeza, aliinama mwenyewe, akaokota herufi iliyokuwa karibu na mguu wake, akaitupa motoni. Ilikuwa A. Kati ya zote aliichukua A, ambayo bila hiyo Mswahili hawezi hata kuita mama. Dumu likajikunja, tundu lake likafumba kama jicho la mtu anayesinzia, moshi mweusi ukapanda na kumfukuza kuku kutoka kwenye O. Agustina aliuma kanga. Mboje akaokota M.

Ndipo Agustina alipoondoka ukutani. Hakwenda kwa Mboje. Hakwenda kwa mkwe. Alizunguka jiko, mgongo kwa wanaume wote, akasimama mbele ya nguzo, na pale alikuwepo ndama wa mwaka ule, wa kahawia, ana kovu sikioni, anatafuna kamba yake. Mboje alishika M hewani, asielewe. Wasukuma hawana habari na ndama wa nyumba ile. Lakini wazee wa ghalani walielewa, na mmoja akaweka kiko chini taratibu.

“Ndama,” Agustina alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, “wewe ulikuwepo siku ile bango linaandikwa. Mimi ni mke wa watu, sina neno na mtu humu ndani. Nakuuliza wewe tu. Uliambiwa nini?”

Ndama akapiga chafya.

Hakuna aliyecheka. Wazee waliangalia chini. Heshima haikuvunjwa, hakumtazama mkwe, hakumtaja, hakumjibu. Alitumia njia ile ile ambayo mzee alikuwa ameitengeneza mwenyewe na kuipita miaka yote, ila leo mtu alikuwa anaipita akitokea upande wa pili. Ryoba alisimama na fimbo yake, na shingo yake ilianza kuvimba kidogo kidogo pale kolani.

Teresia akaitua sufuria. Akajifuta mikono kwenye nguo, mbele na nyuma, kama mtu anayejiandaa kukaribisha mgeni mkubwa.

“Ndama hana mdomo,” alisema. “Mimi ninao. Aliambiwa bango liandikwe kwa herufi nono. Akaambiwa hii miiba nani ataitazama. Nilikuwa natwanga mtama pale, nikasikia. Nilisikia na mchi ukasikia.”

“Mama Daudi,” Ryoba alisema.

“Abee.”

Alikuwa amemwita tu, kama mtu anayeshika tawi akianguka. Akawatazama wenzake wa ghalani, na wenzake wakawa wanatazama kuku. Akatazama ukuta wa jiko, ile HATARI nono na ile HATARI ya mikuki, akazitazama muda mrefu, yeye ambaye pia hakuingia shule, na wote waliomtazama waliona macho yake yakitua kwenye ile nono, yakikataa kuondoka.

“Ni kweli,” alisema hatimaye. “Nilimwambia ndama.”

Mboje akaiweka M chini. Aliiweka taratibu, akaipangusa hata majivu, na Agustina akaona kwamba herufi zake zilizobaki zimepona. Pumzi ilianza kumrudi, lakini haikufika mbali, maana Mboje alikuwa amesimama. Kile kigoda kilianguka nyuma yake. Hasira ambayo asubuhi yote ilikuwa juu ya dumu na rangi sasa ilikuwa imepata mtu mwenye miguu miwili, mwenye shamba, mwenye shimo.

“Kumbe ni wewe, mzee,” Mboje alisema, chini chini. “Nimekuamkia shikamoo asubuhi, nimekaa kwenye kigoda chako, unaniambia nichome plastiki.”

Ryoba hakurudi nyuma. Alisema kwamba nguzo ya bango aliisimika pia yeye, kama wanataka kulijua na hilo, na kwamba hakuna mtu atakayemfundisha kufa katika uwanja wake. Wachimbaji walishusha sululu kutoka begani mpaka mkononi, moja baada ya nyingine, na kila moja ilitoa mlio mdogo ilipogusa kiganja. Upande wa ghala, fimbo zilizokuwa zimelazwa zilisogezwa karibu na magoti. Mura mmoja, kijana wa jirani, akaruka uzio kwenda kuita wengine. Teresia alisimama katikati na mwiko, mwanamke mfupi, akitazama huku na huku, na Agustina akatoka nyuma ya jiko mbio, akasahau mkwe, akasahau kuficha uso, akajiweka kati ya Mboje na mzee, mikono yake ya bluu imenyooka pande zote.

“Mguu haujakatwa,” alimwambia Mboje. “Hujasikia kwamba umekatwa. Unataka kumwaga damu kwa mguu ambao huenda upo?”

“Na kama haupo?”

“Kama haupo nitakwambia mimi mwenyewe upige wapi.”

Mboje alimtazama. Alikuwa karibu kiasi kwamba Agustina aliiona mishipa ya jicho lake. Sululu yake ilikuwa imeinuka kufika kwenye nyonga, haijapanda, haijashuka. Nyuma ya Agustina, mzee Ryoba alisema kitu kwa Kikurya, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu mke wa mwanawe aletwe katika nyumba ile, alikuwa hasemi na ndama. Alimwambia, mama, toka hapo, wasikuumize.

Agustina hakutoka.

“Sogea, dada,” Mboje alisema. “Sitarudia. Huyu mzee leo ata—”

Pikipiki ilizimwa langoni. Specioza alishuka kwanza, jasho linamtoka, kisha akageuka na kumpa mkono mtu aliyekuwa amekaa nyuma yake, na Maduhu akaingia uani kutoka hospitalini, gongo kwapani, bandeji mpaka gotini, miguu yote miwili chini.